Ratiba ya Rangi za Kijito

Napenda kuutangazia umma, kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Kupunguza Athari za Utengenezaji wa Magari kwa Mazingira, kwamba athari hizo zimepungua kwa asilimia tisini na tisa. Walioathirika waliobaki nchini ni kumi na wawili tu. Wanajulikana kwa majina na vyeo, na wote wamewekwa chumba kimoja. Mimi, Katibu wa Kamati, nalala karibu na mlango.

Msicheke. Jambo hili lina historia, na historia yenyewe niliiandika mwenyewe kwa nakala tatu, kwa hiyo naijua vizuri kuliko wanaopiga domo huko nje.

Kiwanda chetu cha magari hupuliza rangi bodi arobaini kwa siku. Anayepuliza hushika bunduki ya rangi, na rangi isiyoshika kwenye bodi hunaswa na pazia la maji linaloteremka ukutani nyuma yake. Maji hayo yakishanenepa hutoka kwa bomba, yanapita chini ya ukuta wa kiwanda na kuingia kijitoni. Watu wenye roho mbaya huyaita uchafu. Kamati ilikaa siku tatu hotelini, kwa kuwa ofisini hewa si nzuri, ikayapa jina la mtiririko wa ziada wa uzalishaji. Baada ya hapo tuliona yamepungua sana.

Wapo waliouliza habari za tangi la kuchujia. Tangi tunalo, tena zuri. Limesimama uani mwaka wa tatu sasa, limefungwa nailoni yake ya dukani, na kila mgeni wa heshima hupigwa picha mbele yake. Kilichokosekana ni bomba la mita tatu la kuliunganisha na chumba cha rangi. Siku moja nilimuuliza Meneja wa kiwanda kwa nini halinunuliwi.

"Katibu," akaniambia, akalipapasa lile tangi kama farasi wake, "tukiliunganisha hili, si litachafuka?"

Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba upo wasiwasi wa kitaalamu.

Sasa, hatua mia mbili chini ya bomba la kiwanda kuna dobi. Jina lake halisi liko kwenye faili, lakini mji mzima unamwita Mama Povu. Ana sakafu ya saruji aliyoijenga mwenyewe, kamba sita za kuanikia, pasi mbili za mkaa, na miaka kumi na tisa ya kazi. Anafulia nyumba ya wageni, anafulia zahanati, anafulia wakubwa. Mashati yangu yote hupita mikononi mwake. Kwa kazi hiyo anamlea binti yake mgonjwa na wajukuu wawili, na siandiki haya kwa kumhurumia, naandika kwa sababu alikuwa akinikumbusha kila akija.

Na alikuwa anakuja. Mara ya kwanza alikuja na ndoo, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya barua za watu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu chungulia humo."

Nikachungulia. "Maji."

"Ya rangi gani?"

"Mekundu kidogo."

"Hayo ndiyo niliyosuuzia mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka ishirini yamekuwa ya waridi. Mwenye nyumba ananiuliza kama wageni wake wote ni maharusi."

Nilimweleza kwa upole kwamba malalamiko lazima yawe na kipimo. Mekundu kiasi gani? Akasema mekundu ya kutosha. Nikamwambia kutosha si kipimo. Akachukua ndoo yake, na duara jekundu likabaki kwenye barua ya Waziri mpaka leo.

Lakini mimi si mtu wa kulala na jambo. Kamati ilirudi hotelini, na safari hii tukatoka na kitu ambacho nakijivunia hata hapa nilipo. Tulitunga Ratiba ya Rangi za Kijito. Kiwanda kitapuliza nyekundu Jumatatu, nyeusi Jumanne, buluu Jumatano, nyeupe Alhamisi, na rangi ya fedha Ijumaa. Dobi naye atafua nguo za rangi ya siku hiyo. Kwa njia hiyo rangi haipotei bure, nguo zinapata rangi ya nyongeza, na maji yanatumika mara mbili. Waziri alipoisoma alisema hajawahi kuona mazingira yakitunzwa kwa akili namna ile, akaagiza ibandikwe kwenye mti ulio karibu na sakafu ya Mama Povu, kwa misumari minne.

Mama Povu aliisoma yote, kidole kikifuata mstari.

"Na suruali za kaki?" akauliza.

"Kaki inashughulikiwa, mama."

"Na mtu akitaka nguo iwe safi tu?"

Nilimwambia hilo liko nje ya hadidu za rejea. Kusema kweli swali liliniudhi. Unamtengenezea mtu ratiba ya kitaifa, yeye anakuuliza habari za usafi.

Tatizo la pili lilikuwa mikono yake. Muuguzi wa kiwanda, mwanamke mmoja mkavu asiyejua kutania, aliandika barua kwamba mikono ya dobi inawasha na kubabuka kwa sababu ya dawa za kuyeyushia rangi, na akashauri tangi liunganishwe. Barua kama hiyo ni hatari, kwa sababu athari ikishaandikwa huwezi tena kuipunguza kwa maneno. Inabidi kutunga kanuni.

Nikazitunga. Kanuni ya Tano ilisema muwasho wa chini ya kiwiko ni hali ya kawaida ya mkono, na athari inaanzia juu ya kiwiko. Kanuni ya Sita ilisema kila mwenye athari aondolewe siku hiyohiyo, apelekwe kilomita nne kutoka kijitoni, kwa maana pasipo na mwathirika hapawezi kuwa na athari. Kanuni ya Saba ndiyo niliyoitolea jasho. Ilisema aliyeondolewa atarudi siku ambayo kifungo cheupe cha shati, kikitupwa majini penye kina cha goti, kitaonekana chini, na atakayethibitisha kwamba kimeonekana ni mtumiaji wa maji aliye karibu zaidi na bomba. Mtumiaji wa karibu zaidi ni dobi, na dobi akishaondolewa hapo hakuna mwingine. Maana yake harudi mtu. Usiku ule nililala nikitabasamu, mke wangu akadhani nimepandishwa cheo.

Waziri alisaini. Mimi nikapiga muhuri. Muhuri wenyewe, niseme mapema, huwekwa kwenye sefu ya ofisi yetu mpya iliyo langoni pa kiwanda, na hautoki humo kwa sababu za usalama.

Kila Jumatatu Muuguzi alikwenda kijitoni na futi ya kitambaa na kalamu ya wino, akachora mstari pale muwasho ulipofikia. Mstari ulipanda taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka ukawa vidole viwili chini ya kiwiko. Kule kilomita nne tulishamwandalia chumba cha matofali, ghala la zamani, hakina bomba la maji wala jirani. Nilikwenda kumjulisha mwenyewe, maana napenda utumishi wenye utu.

"Huko nitamfulia nani?" akaniuliza. "Mijusi?"

"Hujaondolewa bado, mama. Bado vidole viwili. Jitahidi tu usijikune."

Mikono yake ilikuwa imevikwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa mpira, na ndani ya mifuko niliona vidole vimekunjwa, anajizuia. Niliangalia pembeni, nikamwambia shati langu la mistari halina haraka.

Hapo ndipo ulipokuja uzinduzi.

Waziri alitaka taifa lione Gari Safi, yaani gari lililotengenezwa bila kuathiri mazingira. Ni lilelile la siku zote, ila limeongezwa kibandiko. Sherehe ilipangwa Ijumaa. Kamati yote pamoja naye tushone suti nyeupe, ishara ya hewa safi, na zifuliwe kwanza zilainike.

"Zifuliwe kijitoni," Waziri akasema. "Wananchi waone hatuogopi maji yetu."

"Alhamisi, Mheshimiwa," nikasema. "Kwa mujibu wa Ratiba, Alhamisi ni siku ya nyeupe."

Kila kitu kilikaa sawa. Nikaagiza na lori lije Ijumaa hiyo, lisimame langoni injini ikiwaka, kwa kuwa Muuguzi angekuwepo uwanjani na nilitarajia kwamba mpaka siku hiyo Mama Povu, kwa kufua suti kumi na mbili, atakuwa amevuka kiwiko. Tungezindua gari na kumaliza athari kwa siku moja. Dereva nilimpa karatasi inayosema ampakie yeyote atakayekabidhiwa na Muuguzi. Sikuandika jina la dobi, kwa heshima yake.

Jumatano jioni Waziri akapiga simu. Gari Safi liwe la kijani, kwa sababu mazingira ni ya kijani. Na si moja, magari yote ya wiki hiyo. Meneja akasema sawa, kesho Alhamisi bunduki zote zitapuliza kijani, mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kwa kila bodi. Nilijua, sikatai. Lakini kubadilisha Ratiba kunahitaji kikao cha Kamati, na kikao kilikuwa mwezi ujao.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mama Povu alikuwa mlangoni pa ofisi yangu. Safari hii hakuja na ndoo.

"Mwanangu, maji leo ni ya kijani."

"Leo ni Alhamisi, mama."

"Najua ni Alhamisi. Maji ni ya kijani. Nikitia suti zenu humo, mtatoka kama kabichi."

"Mama, Ratiba inasema nini?"

"Ratiba inasema nyeupe. Macho yangu yanasema kijani."

"Sasa tukianza kufuata macho ya kila mtu, nchi itakwenda wapi?"

"Basi niandikie. Niandikie kwamba nimekwambia na wewe umesema nifue."

Sikuona ubaya. Nikachukua karatasi nikaandika: Fua. Maji ya Alhamisi ni meupe. Suuza mara tatu. Nikasaini, nikafungua sefu, nikapiga muhuri. Aliikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akaenda zake. Baadaye niliambiwa kwamba siku ile hakugusa maji hata kidogo. Alizifulia suti zetu ndani ya pipa, akikoroga kwa mti mrefu, na alisuuza mara tatu kama nilivyoelekeza, kwa maji yaleyale.

Ijumaa asubuhi suti zikaja. Zilikuwa za kijani, tena si kijani cha kueleweka, mgongoni kimeiva na mikononi bado. Nilizigeuza ndani nje, kote ni vilevile. Kisha utumishi wa miaka mingi ukanirudia, nikaandika waraka kwamba vazi rasmi la uzinduzi ni kijani.

Waziri alivaa, akajitazama kwenye kioo cha gari.

"Umefikiri, Katibu."

"Nimefikiri sana, Mheshimiwa."

Uwanja wa kiwanda ulijaa. Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Sisi kumi na wawili tuliketi jukwaani chini ya jua kali, mbele ya tangi letu na nailoni yake, na jasho likaanza kutoka. Waziri alisimama akaongea vizuri sana. Alisema nchi nyingine zinapunguza athari kwa mitambo ya gharama, sisi tumepunguza kwa kanuni. Alisema kanuni zetu hazimwogopi mtu, awe mkubwa awe mdogo, na anayevuka kiwiko anaondoka siku hiyohiyo, hata angekuwa yeye Waziri. Watu wakapiga makofi.

Alipofika kwenye neno asilimia, alijikuna shingo.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kitambo, kwa siri, kwa kujisugua kwenye kiti. Mjumbe wa kulia kwangu alikuwa ameingiza mkono wote ndani ya koti. Meneja, ambaye ni mjumbe wetu pia, alikuwa anajikuna kwapa kwa programu ya sherehe. Waziri akaendelea kusoma kwa mkono mmoja na kujikuna kwa mwingine, mgongo, kifua, mapaja, na wananchi wa mstari wa mbele, wakidhani ni salamu mpya ya mazingira, nao wakajikuna kwa heshima.

Muuguzi akapanda jukwaani na futi yake.

"Mheshimiwa, naomba uvue koti."

"Sasa hivi?"

"Kanuni inasema siku hiyohiyo."

Waziri alinitazama, mimi nikatazama kipaza sauti. Kilikuwa bado kinasikika nchi nzima. Akavua. Muuguzi akachora mstari wa kalamu kwenye shingo ya Mheshimiwa, chini kidogo ya sikio.

"Juu ya kiwiko," akasema, akaandika. "Anayefuata."

"Huyu mama anajua mimi ni nani?" Waziri akanong'ona.

"Fomu haina nafasi ya cheo, Mheshimiwa," Muuguzi akajibu bila kunong'ona.

Ni kweli haina. Niliiondoa mwenyewe ili fomu iingie ukurasa mmoja.

Alitupima wote kumi na wawili, na hakuna aliyebaki chini ya kiwiko. Mwandishi mmoja wa habari, kijana asiye na adabu, akauliza kwa sauti ni nani aliyefua suti hizi. Mama Povu alikuwa amesimama pembeni kwenye kivuli cha ukuta. Alifungua pindo, akaikunjua ile karatasi mara nne, akampa.

"Soma mwenyewe, baba. Mimi macho yangu hayaaminiki."

Kijana akaisoma kwenye kipaza sauti, mpaka neno la mwisho la muhuri.

Nilijaribu. Msiseme sikujaribu. Nilimwambia dereva wa lori kwamba haikukusudiwa hivi. Akanionyesha karatasi yangu na kuniuliza kama sahihi ile ni ya mwingine. Meneja alisema ana dharura kiwandani, akaambiwa kiwanda kiko ndani ya kilomita nne. Waziri akapanda wa mwisho, akasaidiwa mguu, na watu wakampungia mkono na kujikuna.

Kwa hiyo hapa ndipo tulipo, kwenye chumba tulichomwandalia dobi. Ni kweli hakina maji. Mheshimiwa ameliona hilo kuwa ni upungufu mkubwa na ameuliza mara kadhaa ni mjinga gani alikipitisha. Nimeahidi kuchunguza.

Hata hivyo tumefanya kazi. Jioni ileile Waziri alimgeukia Meneja akamwambia apige simu tangi liunganishwe, maji yakisafika turudi. Bomba la mita tatu lililokosekana miaka mitatu lilipatikana kabla watu hawajamaliza kula chakula cha sherehe. Nailoni ikachanwa. Tangi limechafuka kama Meneja alivyohofia, na maji yanayotoka upande wa pili, naambiwa, unaweza kuyatazama bila kufikiria siku ya wiki. Siku hizi mashuka ya nyumba ya wageni yanaanikwa meupe. Mstari wa Mama Povu umeshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na mifuko ya nailoni ameitupa.

Kilichobaki ni Kanuni ya Saba. Mtumiaji wa maji aliye karibu zaidi na bomba anatakiwa athibitishe kifungo. Tulikata kimoja kwenye koti la Waziri tukampa dereva ampelekee. Kila asubuhi nampigia simu, sauti ya simu nimeiweka juu kwa sababu kumi na mmoja wanasikiliza wakijikuna.

"Shikamoo, mama. Umekitupa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekitupa."

"Umekiona?"

"Nimeona kokoto. Nimeona vidole vyangu vya miguu, kucha moja inataka kukatwa. Nimeona na samaki mdogo, sijui katokea wapi."

"Na kifungo, mama?"

"Kifungo nacho nakiona."

Jana aliposema hivyo, Waziri alisimama akaanza kutafuta viatu vyake.

"Basi thibitisha, mama. Turudi."

"Nithibitishe nini? Kanuni yenu imesema kifungo cheupe. Mlicholeta kimetoka kwenye suti. Ni cha kijani."

"Lakini, mama, si umekiona? Tumia macho yako tu."

Nyuma yake nilisikia maji yanapita na mtu anakung'uta shuka.

"Tukianza kufuata macho ya kila mtu," akasema, "nchi itakwenda wapi?"

Nikamwambia achukue cheupe chochote alicho nacho pale, dobi hakosi kifungo. Akasema anavyo kopo zima, na angefurahi sana kutumia kimoja, ila nimwandikie. Nimwandikie kwamba kifungo kimebadilishwa, nisaini, nipige muhuri.

"Muhuri uko ofisini, mama. Langoni pa kiwanda."

"Si mbali hapo. Ukirudi utapiga." Kisha sauti yake ikalainika, ikawa ile ya miaka yote aliyonipokelea mashati. "Na mwambie Mheshimiwa ajitahidi. Asijikune."